Wanaume wa Tshiela

Tshiela hakuumbiwa kukaa. Ukimwona ameketi, jua anakung'uta kokoto kiatuni ili atoke tena. Mimi ni jirani yake hapa Manika, mjini Kolwezi, tangu alipoolewa. Mlango wangu unatazama mlango wake, na tofauti naye, mimi ni mtu wa kukaa: nina karai langu la kukaangia vitumbua mbele ya lupango, ndivyo tunavyoita hapa kiwanja cha nyumba, na kutoka hapo hakuna mguu unaopita katika avenu yetu nisiujue. Miguu ya Tshiela niliijua zaidi ikiwa inaondoka.

Aliwauzia wachimbaji chumvi, sabuni, betri za tochi na ndala. Akienda Lubudi alirudi na mahindi, akienda Sandoa alirudi na mihogo mikavu. Treni ikikubali alipanda treni, ikikataa alipanda juu ya mizigo ya lori, lori likizama matopeni alitafuta pikipiki. Na wachimbaji wenyewe ni watu wa aina yake. Vijana hao wanatoka kila pembe ya Kongo. Leo wamepiga hema Tenke, neno likipita kwamba mahali fulani kuna shimo jipya lenye kobalti, kesho unakuta majivu ya moto tu. Tshiela alikuwa akiinusa habari hiyo kabla yao, na mara nyingi walipofika kwenye shimo jipya walimkuta ameshatandika bidhaa.

Mumewe, Lukusa, alikuwa kinyume chake. Fundi wa kuchomelea vyuma, kazi yake iko nyuma ya nyumba, maneno yake machache. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, naye Lukusa akazaliwa hapahapa na hakuona sababu ya kwenda kwingine. Ukimwomba chumvi atakupa, lakini kwanza atafikiri. Walipendana sana, wale wawili. Nasema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya udhani vingine.

Lukusa alianza kukohoa wakati wa kiangazi. Nani hakohoi hapa kiangazi? Malori ya madini yanapita usiku na mchana, vumbi linakaa hadi kwenye ulimi. Tukasema ni vumbi. Vumbi lilipopungua tukasema ni moshi wa kuchomelea. Tulipoishiwa vitu vya kusingizia, suruali yake ilikuwa inashikwa na kamba, na Tshiela alikuwa ameona damu kwenye kitambaa. Akamshika mkono kama mtoto, akampeleka kituo cha afya.

Muuguzi wa pale anaitwa Zéphirin, mtu mmoja mwenye haraka na sauti kubwa. Alipima makohozi ya Lukusa, akapima na ya Tshiela kwa kuwa wanalala chumba kimoja. Kifua kikuu, wote wawili. Tshiela alikuwa na kikohozi kidogo tu, alichokiita mafua ya njia.

"Mama, mu njia ulikaa pembeni ya mutu mwenye kukohoa?" Zéphirin alimwuliza kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambacho "ndiyo" yake ni "njo" na "watu" wake ni "batu". "Hii ugonjwa inatembea na batu. Bachimbaji banalala bengi mu hema moja, banapanda wagoni moja, banashuka kila mutu na njia yake. Pengine weye njo ulimuletea bwana yako, pengine yeye njo alikupatia. Mikrobe haina karte ya kitambulisho."

Tshiela akapewa dawa zake na za mumewe, za bure, na onyo: miezi sita, kila asubuhi, bila kuruka. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu mpya na dawa hizo haziuwezi tena. Lukusa aliitikia kwa kichwa. Angeanza kesho yake, na hadithi yangu ingeishia hapa, kama si treni iliyomleta Honorine.

Honorine ni dada mkubwa wa Lukusa. Alisikia kwamba ndugu yake amekonda, akafunga safari kutoka Mwene-Ditu. Alimtazama ndugu yake, akatazama mifuko ya wifi yake iliyofungwa tayari karibu na mlango, akawa amekwisha kuelewa kila kitu, hata kabla hajapewa maji ya kunywa.

"Hii haiko ugonjwa ya munganga wa hospitali," alisema. "Hii ni tshibawu."

Mimi ni Msanga, tshibawu si ya kwetu, lakini ukiishi Kolwezi mila za watu wote zinapita mlangoni kwako. Kwa Waluba wa Kasai, mke akipokea kitu cha mwanamume mwingine, au akimpa chake, kisha akanyamaza, adhabu haimpigi yeye. Inampiga mume, au watoto. Tiba ni kusema. Aketi chini mbele ya ukoo wa mume, amtaje mtu na kitu, kuku mweupe achinjwe, mume apone. Asiposema, hata umpe mgonjwa dawa za nchi zote, ni sawa na maji. Na mume akiwa na wanawake wake wa pembeni, je? Hapo tshibawu haina habari. Niliwahi kumwuliza Honorine swali hilo, akaniambia Wasanga hatuna adabu.

Basi asubuhi ile Tshiela alileta kikombe cha maji na dawa mkononi. "Meza, Lukusa."

Lukusa alimtazama dada yake, akamtazama mkewe. "Useme kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Kama kuko kitu, useme. Kiisha nitameza."

Sikumwona mbaya. Nilimwona mwoga, na woga wenyewe alinyonya pamoja na maziwa: tangu utotoni alisimuliwa habari za baba yake mdogo aliyekufa kwa sababu mke alinyamaza. Unaweza kusoma kwa mapadri, ukajua kuhesabu na kuchora, lakini jambo uliloambiwa ukiwa kitandani na homa utakuwa nalo mpaka kaburini. Lakini nilimkasirikia. Mtu anatema damu, dawa iko mezani, naye anangoja maneno!

Zéphirin alikuja na pikipiki, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka, akaondoka. Honorine alimsindikiza kwa methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Aliitupa upande wa Tshiela, ingawa kwa macho yangu ilimfaa zaidi ndugu yake. Tshiela hakuweza kutulia. Alitoka lupango hadi kwenye bomba la maji, akarudi bila maji. Alikuja kwangu, akaketi, akasimama, akashika mwiko wangu akageuza vitumbua ambavyo havijaiva.

"Yaya Jocelyne, hii mutu atakufwa mbele yangu, na dawa iko mu nyumba," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Basi kuko kitu ama hakuna?" nilimwuliza.

Akanieleza. Wakati wa mvua iliyopita treni iliharibika porini kati ya Lubudi na Tenke. Watu walikaa wagonini, ndani ya mabehewa, siku nyingi wakingoja kichwa kingine cha treni. Kulikuwa na mchimbaji mmoja kijana, Sadrack, anatetemeka, anakohoa, hana ndugu. Aliweka kichwa chake juu ya magunia ya mahindi ya Tshiela. Tshiela alimpa maji kwa kikombe chake mwenyewe, akamfunika kwa kikwembe chake, kitenge alichokuwa amejifunga, na kwa kuwa mvua ilikuwa inaingia kwenye matundu, akakaa karibu naye. Walipofika Tenke kijana alishuka amejifunika kikwembe kilekile, na Tshiela akamwachia.

"Kikwembe yako? Ulimupa mwanaume kikwembe yako?"

"Nilimupa mugonjwa."

"Kwa Honorine hakuna mugonjwa. Kuko mwanaume na kikwembe."

Alijua. Ndiyo maana alikuwa amefunga mdomo. Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa Honorine. "Banasema nilileta kitu ku njia," aliniambia. "Yaya, pengine nilileta kweli." Nilimwambia aache upuuzi. Sikuwa na neno jingine la kumpa, maana Zéphirin alikuwa amesema karibu hivyohivyo.

Kesho yake akapiga moyo konde. Watu wa ukoo waliitwa, na mimi nikaitwa kama jirani. Tshiela aliketi chini, miguu ameinyoosha, kichwa wazi. Alisema yote kama alivyoniambia mimi, lakini alitetemeka, maneno yakawa yanakatika, mahali pengine ilibidi aanze tena. Alipofika kwenye kikwembe Honorine alipiga makofi.

"Njo ile! Na mulilala namna gani?"

"Kila mutu juu ya gunia yake."

"Kiisha?"

"Kiisha njo pale, hakuna ingine."

Watu wa ukoo wakatazamana wakicheka, kama watu wanaojua kilichorukwa. Neno mgonjwa alilisema mara nyingi, hakuna aliyelisikia. Kuku akachinjwa. Lukusa akalia, akanyoosha mkono mwenyewe kuchukua kikombe, akameza. Tshiela alikuwa bado chini. Nilimsaidia kusimama, naye akanikamata bega akaninong'oneza, "Amemeza." Alikuwa anafurahi, maskini.

Siku iliyofuata Lukusa alitoka msalani akipiga kelele: mkojo mwekundu kama mawese. Zéphirin alikuwa amewaonya wote wawili kwamba dawa inageuza rangi, lakini nani anakumbuka maneno ya muuguzi? Honorine alipiga vigelegele: tshibawu inatoka! Na Tshiela, aliyekuwa anameza dawa zilezile, mkojo wake ulikuwa mwekundu vilevile, katika msala uleule. Hakuna aliyeuliza ni nini kinamtoka yeye. Mume akiugua hutafutwa anayemwua. Mke akiugua, ameugua tu.

Zéphirin naye aliposikia habari za Sadrack, akarukia pikipiki. Yeye alimtaka kijana kwa jambo jingine: bado anakohoa mahali fulani, katikati ya wenzake. Alikwenda Tenke, akauliza hema kwa hema. Wakamwambia amehamia Lubudi. Lubudi wakamwambia kuna kundi lilielekea Sandoa, wamesikia habari za shimo. Alirudi na vumbi hadi kwenye kope. "Kila mahali nafika, hema zimehama," alisema, akanunua vitumbua akala amesimama.

Lukusa akaanza kunenepa. Kwanza alimaliza chakula chake, kisha cha Myriam, binti yao, kisha akawa anavuka njia kuja kula kwangu. Kikohozi kikakoma. Tukasikia tena nyundo nyuma ya nyumba. Tshiela, ambaye Zéphirin alimzuia safari mpaka makohozi yake yawe safi, aliruhusiwa tena kutembea, akaanza kufunga mifuko. Na katika asubuhi moja ya furaha hiyo, Lukusa aliisukuma dawa pembeni ya meza.

"Nilipona," alisema. "Ile kitu ilisemwa, ikatoka. Sasa naunguza tumbo juu ya nini?"

"Tata Lukusa, mikrobe haijakufwa, inalala tu," Zéphirin alimwambia.

"Kama inalala, tusiiamshe."

Na Honorine, ambaye hakuwa amerudi kwake, alitia chumvi: "Ukiendelea kumeza, unatukana bankambo, bazee betu benye walikufwa. Unasema habakupokea maneno."

Unaona mtego? Maneno yaliyomfungua mdomo mpaka akameza, ndiyo sasa yaliyomfunga. Zéphirin alisihi, alitisha, alichora mapafu juu ya karatasi. Siku zikaenda. Lukusa alikuwa na kifua kipana na shavu linalong'aa, na mtu mzima mwenye shavu linalong'aa huwezi kumshawishi kwamba anakufa.

Tshiela alikuja kwangu. Akaketi, akasimama.

"Na kama kuko ingine?"

"Ingine nini?"

"Mwanaume. Kama sikumalizaka kusema."

Nikaacha vitumbua viungue. "Uko na ingine?"

"Niko na njia," alisema. "Mu njia batu ni bengi."

Tukamchagua pamoja, kama watu wanaochagua kitambaa sokoni. Asiwe wa Manika. Asiwe na mke atakayekuja kutupiga. Asiwe mtu yeyote. "Kamata mchimbaji," nilimwambia. Ilikuwa dhahiri: Sadrack wa kweli hakuonekana kwa Zéphirin, kwa hiyo na wa uongo hangeonekana kwa Honorine. Tukamwita Ariel, tukampa asili ya Bukavu, tukamweka Tenke. Tulicheka mpaka machozi. Nilimpa hata kovu shingoni, Tshiela akasema hapana, kovu limezidi.

Kuku wa pili akachinjwa. Tshiela aliketi chini akamsema Ariel kutoka mwanzo hadi mwisho: alipokutana naye, alichompa, hema ilivyokuwa, alivyoondoka. Hakukwama hata mara moja. Watu waliguna. Lukusa alianza kukohoa palepale, kikohozi cha hofu, kikavu, kisha akaomba maji. Kesho yake dawa ikawa tena katikati ya meza, na kila asubuhi tulimwona akiimeza mlangoni mbele ya watu wote.

Lakini neno likitoka halirudi. Wanawake wa kwaya walimwambia Tshiela apumzike kidogo, mpaka mambo yatulie. Kwenye bomba la maji mtu mmoja asiye na haya alimwuliza kama wagoni lake lina nafasi. Wenzake wa biashara, ambao walikuwa wakimwachia mizigo na watoto, wakawa wanawafunga waume zao kwa macho alipopita. Na yeye alizidi kutembea. Alikwenda Tenke akarudi, akaenda Lubudi akarudi, dawa zake ndani ya kitambaa kiunoni, akizimeza peke yake alfajiri juu ya magunia, wala hakuna aliyemhimiza.

Akaja siku moja kutoka Lubudi, akakuta dawa za Lukusa haziko mezani. Mlangoni hakumwona akimeza, si siku ile, si iliyofuata. Honorine alikuwa ameanza wimbo wake tena: imetosha, maneno yamekwisha. Lukusa aliulizwa na mkewe, akajibu, "Wacha tu," akaenda kuchomelea.

"Ameitupa, yaya," Tshiela aliniambia. Uso ulikuwa umemshuka. "Imebaki kidogo sana, na ameitupa."

Mara hii hatukucheka. Nilimwambia asifanye. Nilimwambia, mwache Zéphirin aje amfunge kamba amnyweshe. Alinitazama kana kwamba nazungumza Kichina. "Akikufwa nitafanya nini na jina muzuri?" alisema. Akavuka njia. Honorine akawaita watu, na Tshiela akaketi chini mara ya tatu, akamsema Dodo, dereva wa lori katika njia ya Sandoa. Dodo alikuwa wa uongo kama Ariel, lakini uongo huu ulimtoka polepole, macho yakiwa ardhini. Lukusa aliinamisha kichwa hadi mwisho. Kesho yake alimeza mlangoni.

Juma lile Myriam alirudi kutoka shule kabla ya wakati, sare imepasuka begani. Alikuwa amepigana. Alimwuliza mama yake mbele yangu, Dodo ni nani.

"Ni mutu anasaidia papa yako kumeza dawa," Tshiela alimjibu.

Mtoto alimtazama. Hakuamini, na sioni kwa nini angeamini. Tangu siku ile hakumruhusu mama yake amsuke nywele, nilimsuka mimi.

Miezi sita ikaisha. Zéphirin akapima makohozi, ya mume na ya mke: safi. Aliwapa mikono, akamshika Tshiela mkono muda mrefu zaidi, kisha akapanda pikipiki kwa sababu alikuwa amesikia kuna kundi la wachimbaji wanaokohoa upande wa Fungurume. Nilidhani sasa tutapumua. Nilimsahau Honorine. Yeye aliwaita tena watu wa ukoo, safari hii viti vikapangwa kama baraza, na mimi nikaenda bila kuitwa.

"Ndugu yangu amepona, bankambo basifiwe," alisema. "Lakini mwanamuke wa wanaume batatu hawezi kumupikia. Arudie kwabo."

Tshiela hakuketi. Alisimama karibu na lango, mikono kiunoni. Watu wakamgeukia Lukusa. Akafikiri, kama anavyofikiri ukimwomba chumvi, kisha akainuka.

"Yaya, keti," alimwambia Honorine. "Hakukuwaka wanaume. Ile yote ni bongo, uongo mutupu."

"Alisema na kinywa yake!"

"Alisema juu ya dawa, ili nimeze. Ile ya kwanza ilikuwa kweli: mugonjwa, mayi, kikwembe. Aliisema anatetemeka, maneno inakatika. Lakini Ariel alimusema kama mutu anataja bituo bya treni, hakuruka hata kimoja. Mutu hasemake zambi yake namna ile. Siku ile nikajua. Nikasema: kama bibi yangu anakubali kujichafua hivi juu ya hii dawa, basi hii dawa njo yenye kuponyesha. Nikameza."

Mzee mmoja wa ukoo alipiga goti lake kwa kiganja, akasema huyu ni mke. Mwingine akamwambia Honorine afunge mzigo. Mimi mwenyewe nililia, sioni haya kusema. Lukusa alimgeukia mkewe akitabasamu, kama mtu aliyeleta zawadi.

Tshiela hakutabasamu. "Ulijua tangu Ariel?"

"Tangu Ariel."

"Na dawa, kiisha pale, haukuitupa?"

"Nilikuwa nameza kwa siri nyuma ya nyumba. Sikutaka fujo na yaya."

"Basi Dodo ulinisikiliza juu ya nini?"

Lukusa alimtazama dada yake.

"Dawa ulikuwa nayo," Tshiela alisema. "Mi nilikuwa chini, natafuta wanaume mu kichwa, na weye ulikuwa umeshiba dawa, unaangalia miguu yako. Ulikuwa na haya mbele ya mutu moja. Mi Manika yote inanicheka. Myriam hanipatie hata kichwa yake nimusuke."

"Tshiela, nilikuwa..."

"Ulikuwa muzima," alisema. Akaingia ndani.

Alifunga virago bila haraka, jambo ambalo sijapata kumwona akifanya. Aliniachia Myriam, kama alivyoniachia kila safari, lakini hakuniambia anakwenda wapi wala anarudi lini, na siku zote alikuwa akiniambia. Treni ilipopiga honi alikuwa ameshapanda.

Lukusa alivuka njia akaja akasimama mbele ya karai langu. Alikuwa na kifua kizuri, kipana, kisicho na sauti. "Yaya Jocelyne, atarudia?"

"Unaniuliza mi?" nilimjibu. Hasira ilikuwa imenipanda, sikuipunguza. "Jina yake uliisafisha mbele ya ndugu zako, mu lupango yako, lango imefungwa. Ilichafuka ku bomba, ku kwaya, ku masomo ya mutoto. Nenda kule."

Akaenda. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Lukusa, ambaye sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu zaidi ya watano, alitoka kwenye benchi akasimama mbele, Myriam akimtazama. Alisema habari za Ariel na habari za Dodo. Alisema habari za dawa alizomeza nyuma ya nyumba wakati mkewe ameketi mavumbini. Alitetemeka, maneno yakawa yanakatika, mahali pengine ilibidi aanze tena. Wanawake wa kwaya walilia kwa sauti. Tshiela hakusikia hata neno moja. Wakati huo alikuwa amekwisha kupita Tenke.